Karata usiyoichukua ni ya jirani yako

Mchezo mfupi wa mezani waweza kulifikia lile ambalo mikutano mingi huliogopa

MSOMAJI, kama umewahi kufanya kazi ya zamu katika kiwanda chochote mjini Thika, jambo hili unalijua. Unaingia saa kumi na mbili asubuhi, unakuta mashine imeachwa chafu, vifaa vimetupwa huku na kule na kitambaa cha kupangusia kimetoweka. Mwenzako wa zamu ya usiku yuko kwake Makongeni, amelala fofofo. Hakukutukana wala hakukupiga. Alichagua tu kilichomfaa yeye, kisha akakuachia kilichobaki.

Au labda wewe si mtu wa kiwandani. Unaishi Ruiru, katika mojawapo ya mitaa iliyochipuka kwa kasi tangu Barabara Kuu ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwezi wa Novemba mwaka wa 2012. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Ruiru imeipita Thika kwa idadi ya watu. Wakazi wametoka kila pembe ya nchi. Wengi huondoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku, na jirani humjui ila kwa rangi ya lango lake. Hata hivyo, sharti mkae pamoja mzungumze juu ya maji, bawabu wa usiku na takataka. Kila mmoja ana haja zake, na anachokichukua mmoja humpungukia mwingine.

Hapo ndipo vikundi vingi huanza kulegea. Aghalabu si mwizi mkubwa anayekivunja chama. Ni machaguo madogo madogo ambayo hakuna anayeyataja kwa sauti. Huyu huchukua zamu nyepesi kila juma. Yule alipokea fedha za merigoraundi mapema, kisha akaanza kusuasua kulipa. Mwingine hufungia spana kabatini ili asije mtu akaitumia. Ukiitisha mkutano kuyajadili, nusu ya watu huinamisha vichwa na nusu nyingine hupandwa na hasira. Leo ningependa kukuonyesha njia nyingine ya kuyafikia mambo hayo, njia inayohitaji meza moja, watu watano na pakiti moja ya karata.

KUVUTA KAMBA HAKUTOSHI

Siku hizi ni desturi kwa makampuni, shule na vyama vya akiba kuwatoa watu wao nje kwa siku moja ili kujenga umoja. Wakazi wa Thika hawahitaji kwenda mbali. Maporomoko ya mito ya Chania na Thika yako kando ya Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka wa 1908, na Fourteen Falls katika mto Athi hayako mbali na mji. Huko watu huvuta kamba, hukimbia ndani ya magunia, hula nyama choma, hupiga picha, kisha hurudi makwao.

Hapana ubaya wowote katika hayo. Walakini, kamba hupima nguvu za misuli. Haikuambii ni nani humtazama mwenzake kabla ya kunyoosha mkono, wala ni nani huchukua asichokihitaji ili tu mwingine akikose. Jumatatu ikifika, mashine huachwa chafu vile vile.

Karata zaweza kuonyesha hilo, maadamu zichezwe kwa mtindo unaofaa. Katika michezo mingi tunayoijua, kama ule wa vijana ambao mtu anayekaribia kumaliza hutangaza "niko kadi", kila mchezaji hushika karata zake na kuzificha wenzake. Katika mtindo wa kuteua na kupisha, hakuna karata zako. Unagawiwa saba, unateua moja, na zile sita zilizobaki unampa aliye kushoto kwako. Aliye kulia kwako naye anakupa sita zake. Unateua tena moja, unapisha tano. Mambo huendelea hivyo hadi karata ziishe. Kwa hiyo kila unapochagua, unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: unajichukulia kitu, na unaamua jirani yako apate kuchagua katika nini.

Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa pamoja na mchezo wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka wa 1993. Mwaka wa 2010 Mfaransa Antoine Bauza akatoa mchezo wa 7 Wonders, uliotunukiwa tuzo ya Kennerspiel des Jahres nchini Ujerumani mwaka wa 2011. Kisha mwaka wa 2013 Phil Walker-Harding wa Australia akaja na Sushi Go!, mchezo mwepesi ambao familia huweza kuumaliza kwa robo saa. Kanuni utakazozisoma hapa zinafuata mfano wa Sushi Go!, ila zimepunguzwa ili zitoshee pakiti ya kawaida inayouzwa dukani. Huna haja ya kuagiza kitu ng'ambo.

KANUNI ZA MCHEZO

Kaeni watu wanne hadi sita kuizunguka meza. Ondoeni majokari, zibaki karata 52. Watu wa Pwani huziita aina nne za karata kopa, uru, shupaza na pau. Kopa ni zile nyekundu zenye umbo la moyo. Uru ni nyekundu zenye pembe nne. Shupaza ni nyeusi zenye ncha juu, na pau ni nyeusi zenye majani matatu ya duara. Tarakimu na picha zilizochapishwa hazina kazi katika mchezo huu. Tazameni aina tu.

Changeni karata vizuri, kisha kila mtu agawiwe saba. Kila mmoja ateue moja na kuiweka mezani kifudifudi. Wote wakishateua, zifunuliwe kwa pamoja na zibaki wazi mbele ya mwenyewe, kila mtu azione. Zilizobaki zipishwe kushoto. Endeleeni hivyo. Karata ya saba huna hiari nayo. Unaipokea kama ilivyo, kwa kuwa wenzako ndio waliokuachia.

Alama huhesabiwa hivi. Kila uru ni alama 2, hata ikiwa peke yake. Kopa huenda mbili mbili: kila jozi ni alama 5, na kopa moja iliyobaki ni sifuri. Shupaza huenda tatu tatu: kila tatu ni alama 10, na pungufu ya tatu ni sifuri. Mwenye pau nyingi kuliko wote mezani hupata alama 6. Wakilingana wawili kwa wingi wa pau, hakuna anayezipata.

Hayo tu. Mtoto wa darasa la nne ataelewa baada ya kucheza mara moja.

RAUNDI TATU

Chezeni raundi tatu. Katika ya kwanza, karata hupishwa kushoto na kila mtu hujitafutia alama zake. Katika ya pili, zipishwe kulia, bado kila mtu kivyake. Mabadiliko haya yana maana, kwa sababu yule uliyekuwa ukimwachia mabaki sasa ndiye anayekuachia wewe. Utashangaa jinsi watu wanavyokumbuka.

Kabla ya raundi ya tatu, badilisheni jambo moja. Hesabu sasa si ya mtu mmoja mmoja, ni ya meza nzima. Jumlisheni alama za wote, na lengo liwe kupita jumla ya raundi mbili za kwanza. Wala msizungumze. Hakuna kunong'ona, hakuna kukonyeza. Mtu ana macho yake tu, na karata zilizo wazi mbele ya kila mwenzake.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mko watano, na kati ya karata 35 zilizogawiwa, shupaza ni tisa. Katika raundi ya kila mtu kivyake zaweza kuangukia watu hivi: tatu, mbili, mbili, moja, moja. Mwenye tatu amepata alama 10. Wengine wanne wameshika shupaza sita kati yao, na zote ni sifuri. Sasa chukua shupaza zile zile tisa, uzigawe tatu kwa watu watatu. Meza imepata alama 30. Hakuna karata iliyoongezwa, hakuna bahati iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu wawili waliacha kuchukua kitu ambacho mikononi mwao kisingezaa.

Ni kweli kwamba karata hugawiwa upya kila raundi, kwa hiyo jumla ya tatu yaweza kupanda au kushuka kwa bahati. Msiichukulie kama mtihani. Itazameni meza: je, katika raundi ya tatu kuna shupaza na kopa chache zilizobaki yatima kuliko mwanzo? Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kwa huyu na kimoja kwa yule, kila mtu jikoni mwake, ni giza na njaa.

MAZUNGUMZO NDIYO MAVUNO

Ukikusanya karata baada ya raundi ya tatu na kuwaaga watu, umewachezesha tu. Tenga angalau dakika ishirini za kuzungumza, kwa maana hapo ndipo faida ilipo. Mwalimu Mmarekani Terry Borton, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1970, alipendekeza maswali matatu mafupi ambayo baadaye yalitumiwa sana hata katika mafunzo ya wauguzi. Kwa lugha yetu ni haya: Kulitokea nini? Kina maana gani kwetu? Sasa tufanye nini? David Kolb naye, katika kitabu chake cha mwaka wa 1984, alieleza kwamba mtu hujifunza anapotenda, akatazama nyuma alichotenda, akatoa fundisho, kisha akalijaribu upya. Karata ni kule kutenda. Hatua zilizobaki ni kazi ya vinywa na masikio.

Anza na kulikotokea, wala usiruke. Muulize kila mtu: ni karata gani uliyoipisha kwa uchungu? Ni lini ulimtazama jirani kabla ya kuchagua? Kisha uliza lile swali zito: kuna aliyechukua karata isiyomfaa ili tu jirani asiipate?

Karibu kila meza yuko. Watu watacheka, naye atakubali, kwa kuwa ni karata tu. Hapo ndipo mlango unapofunguka. Uliza kwa upole: na huku kazini, au katika chama chetu, tunalifanya wapi jambo hilo? Usishangae spana ya kabatini ikitajwa bila ugomvi, na mwenyewe akiwa wa kwanza kuitaja. Nyani haoni kundule, lakini kila mtu huona karata aliyoishika mwenyewe.

Yupo pia anayepokea mabaki. Katika kila kikundi kuna mtu ambaye karata ya saba humwangukia kila siku: mfanyakazi mpya, mama asiyesema sana mkutanoni, kijana anayepewa zamu ya mkesha wa Krismasi. Mwulize ilikuwaje kukaa kushoto mwa mtu anayechukua kila kizuri. Akijibu, wengine wasimkatize. Huenda ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kuulizwa.

Swali la mwisho, la sasa tufanye nini, lijibiwe kwa jambo moja tu. Si kumi. Mathalan, zamu inayotoka itaosha mashine na kuandika daftarini kilichoharibika. Au, anayepokea fedha mwezi huu atasema mbele ya wote siku atakayolipa. Andikeni, wekeni tarehe, na baada ya mwezi mmoja mkutane tena kuulizana. Jambo lisiloandikwa huyeyuka.

HATA WATAALAMU HUCHAGUA NA KUACHA

Usidhani kuchagua huku ni mambo ya mezani tu. Pale Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa kinachojulikana na wakulima wa nchi nzima. Mwaka wa 1968 ugonjwa wa chulebuni, ambao huozesha buni zikiwa bado mtini, uliharibu vibaya mavuno ya Kenya. Watafiti wakaanza kutafuta mbegu itakayohimili, na mwaka wa 1985 wakatoa Ruiru 11. Ilistahimili chulebuni na kutu ya majani, na kwa kuwa ni mfupi, mkulima aliweza kupanda miti mingi zaidi katika shamba lile lile.

Hata hivyo, mbegu haiwezi kubeba kila kitu. Baadhi ya wanunuzi na wakulima waliendelea kusema kwamba ladha ya SL28, ile mbegu ya zamani, haina mfano, na wengi hawakuing'oa. Kituo hakikunung'unika. Kilirudi kazini, na mwaka wa 2010 kikatoa mbegu nyingine iitwayo Batian. Ndivyo ilivyo pia kwa kikundi. Kila uamuzi una kilichochukuliwa na kilichoachwa, na mwenye busara hukumbuka alichokiacha ili raundi ijayo akitazame tena.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, pasiwe na pesa. Wala shilingi kumi, wala soda ya kushindaniwa. Wengi wetu tuliwaona watu wakinyang'anywa nauli kwa pata potea kwenye vituo vya matatu, na kuna wazazi na wazee wa kanisa au msikiti ambao karata hawataki kuziona. Waheshimu. Nunua karatasi ngumu za manila, ukate vipande 52, na uchore nanasi la Thika kwenye 13, kahawa ya Ruiru kwenye 13, maziwa kwenye 13 na mahindi kwenye 13. Mchezo ni ule ule, na watoto watafurahia kuchora.

Pili, bosi acheze kama wengine, au asikae mezani kabisa. Anayeongoza mazungumzo asiwe yeye. Na wala asithubutu kuandika faili: "Fulani ni mchoyo, nilimwona kwenye karata." Mtu anayenyakua karata huenda anapenda tu kushinda, na nje ya mchezo ndiye wa kwanza kuchangia mwenzake aliyefiwa. Mchezo hufungua mazungumzo, hautoi hukumu.

Tatu, jua mipaka yake. Ikiwa wafanyakazi hawajalipwa saa za ziada, au mweka hazina amekula akiba ya chama, usiwaletee karata. Watakuona unawadhihaki, na watakuwa na haki. Madeni hulipwa kwa fedha, na wizi hupelekwa panapohusika. Karata ni za yale mambo madogo ambayo hayana kifungu cha sheria lakini huwala watu roho siku baada ya siku.

Nne, asilazimishwe mtu kusema. Anayetaka kunyamaza anyamaze. Na yaliyosemwa mezani yabaki mezani, yasije yakafika sokoni Jumatatu.

NA NYUMBANI JE?

Huenda unasoma haya ukiwa umekaa sebuleni, watoto wakigombania rimoti. Familia nayo ni kikundi, tena cha zamu ndefu kuliko zote. Kuna anayeoga kwanza na kuacha ndoo tupu, kuna anayechukua paja la kuku kila Jumapili, na kuna mama anayekula mwisho, kilichobaki, bila kusema neno. Mchezo huu hauhitaji hotuba juu ya hayo. Cheza raundi tatu na wanao, kisha waulize maswali yale matatu, na uwe tayari kujibu pia. Mtoto anaweza kukuuliza kwa nini ulimwachia dada yake uru na yeye ukampa pau.

Pakiti ya karata bei yake si kubwa, na raundi tatu pamoja na mazungumzo hazizidi saa moja. Leo, baada ya chakula cha mchana, ondoeni sahani, changeni karata, mgawiane saba saba. Kisha tazama kimyakimya ni nani nyumbani mwako anayekumbuka kugeuza macho upande wa kushoto kabla ya kuchagua.